Masika ya Lara na Tendulkar

6 Machi

Mvua imeanza, na magongo yameanza kuingia. Hata matope ya mechi ya mwisho hayajakauka, tayari yameegemezwa ukutani: rundo la timu ya benki, rundo la shule ya wasichana, na lile moja la daktari wa meno ambalo sijui huwa analifanyia nini, maana kila mwaka linarudi limepasuka na yeye kila mwaka hana mikimbio, yaani pointi za mpigaji. Viwanja vya kriketi vikijaa maji, wachezaji hulala, sisi ndio tunaamka. Baba anatengeneza magongo, mimi nashona pedi na glavu kwa cherehani. Karakana yetu ni chumba cha mbele. Zamani kilikuwa sebule, mpaka Mama, Mungu amrehemu, alipochoka kupangusa unga wa mbao kwenye makochi akayahamishia nyuma.

Hata koti sijavua, Baba kaanza.

"Haya, mama. Mwaka huu una jipya, au ni Lara yuleyule?"

"Lara yuleyule. Na wewe?"

"Mfalme habadilishwi kila mvua."

Niieleze hapa desturi yetu, maana watu wakitusikia kutoka barabarani hudhani tunagombania shamba. Kila masika tunabishana ni nani mpigaji mkubwa kuliko wote katika mechi za Testi, zile za siku tano, nchi kwa nchi. Mimi nasimama na Brian Lara wa West Indies, kwa sababu ni mashoto kama mimi, na kwa sababu anapoliinua gongo juu kabla ya kupiga, mtu unasahau kupumua. Baba anasimama na Sachin Tendulkar wa India. Siku gongo la mwisho linapotoka mlangoni, hukumu inatolewa, na aliyeshindwa anatimiza jambo moja atakalotaka mshindi. Hakuna kubisha. Mwaka juzi nilishinda, nikamnyoa ndevu. Mwaka jana kashinda yeye, nikapaka rangi choo.

Hakimu ni Mwalimu Desimali, jirani yetu na rafiki wa Baba tangu ujana wao. Alifundisha hesabu mpaka alipostaafu, na kwake yeye duniani alizaliwa mtu mmoja tu, Don Bradman wa Australia, mwenye wastani wa mikimbio tisini na tisa nukta tisa nne. Ndiyo maana anafaa kuwa hakimu. "Nyinyi gombanieni nafasi ya pili," husema. "Ya kwanza ina mwenyewe."

9 Machi

Mvua. Pedi nne. Baba kasema Lara ni maua na Tendulkar ni chakula. Chai yake kaipata saa tano.

13 Machi

Jua kidogo leo, na Baba kafanya kazi kama kijana. Napenda kumtazama. Analishika gongo kwa mpini, analigonga kwa nyundo ya mbao, polepole, toka chini kupanda juu, sikio kaliinamisha kama anasikiliza siri. Anasema gongo zima huitika na gongo bovu hukohoa. Mafundi wengine hutafuta nyufa kwa macho, yeye hapana. "Macho hudanganywa na rangi," anasema. Magongo tisa leo, na kila lililokohoa nikalikuta kweli limepasuka.

16 Machi

Mvua kubwa. Mabati ya paa yanapiga kelele hata hatusikilizani. Baba kasema hagusi gongo, hewa ina unyevu, gundi haitashika. Kakaa kwenye kigoda akanisimulia Tendulkar toka alipoingia timu ya taifa na miaka kumi na sita, mtoto wa shule, akapigwa na mpira puani dhidi ya Pakistan, damu inatoka, akakataa kutoka uwanjani.

"Mpumbavu," nikasema.

"Ebo! Shujaa!"

"Mtoto wangu akifanya hivyo namtia makofi."

Kacheka mpaka kigoda kikalia.

18 Machi

Mvua kubwa. Unyevu, eti.

19 Machi

Unyevu tena. Mwalimu Desimali kaja na mwavuli uliovunjika mbavu, wakabishana mchana kutwa kuhusu wapigaji wasiovaa kofia ya chuma. Baba kamtaja Gavaskar wa India, Mwalimu kamtaja Richards wa West Indies, aliyekuwa akiingia uwanjani anatafuna ubani kama mtu anayekwenda dukani. Wazee wawili, mmoja anaigiza kurusha mpira, mwingine kashika ufagio. Nimewapenda sana leo, ila rundo la benki liko palepale.

24 Machi

Nimegombana na Baba. Timu ya benki wamekodi ukumbi wa kufanyia mazoezi ndani na wanataka magongo yao kesho, na nje mvua kama imeajiriwa. Kaniletea hadithi ya unyevu. Nikamwambia gundi hii ndiyo tuliyotumia miaka yote na masika yote, kama amechoka aseme amechoka, asiisingizie hewa. Kachukua nyundo, kayapitia yote kwa saa moja, mengine kayatia gundi, mengine kasema yapakwe mafuta tu. Uso aliokuwa nao sikuupenda. Nikadhani ni hasira.

28 Machi

Nahodha wa benki kaja na gongo vipande viwili mkononi. Kijana mstaarabu, hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Mpigaji wao kapiga mpira wa kwanza tu, gongo likakatika begani, pale mpini unapokutana na ubao, kipande kikaruka karibu na uso wa mwenzake. Ni gongo ambalo Baba alisema mafuta tu.

Nimeviangalia vile vipande. Mbao ya ndani ilikuwa imeingia uchafu mweusi. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, na ulikuwa unaonekana.

Baba kasema kampuni siku hizi zinauza mbao mbichi. Nikamwitikia. Tangu lini namwitikia?

29 Machi

Leo naandika kirefu, maana usingizi najua hautakuja na nyumba haina mwingine wa kuambiwa.

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga mabati kwa ngumi. Nikachukua gongo la daktari wa meno. Lina ufa mwembamba kama unywele, lakini mweusi tii, umeshuka toka begani hadi katikati. Hata mpita njia angeuona. Nikamwekea Baba mapajani.

"Baba, hili lina nini?"

Kaligeuza. Kaligonga, kainamisha sikio, kaligonga tena. Kapitisha kidole gumba juu ya ufa ule, kidole kikapita bila kusimama. Akaliinua hadi usoni, karibu kabisa, kama mtu anayenusa.

"Zima hili," akasema. "Mafuta tu."

Nikasema haya. Nikarudi kwenye cherehani nikashona mshono uleule mara tatu.

Saa nane mvua ikakatika. Kimya kikaingia chumbani, unasikia hata maji yanavyodondoka kwenye pipa. Nikalichukua gongo lilelile nikamwekea tena mapajani, bila neno. Kaligonga mara moja. Kaligonga mara ya pili, chini ya bega. Nyundo ikabaki hewani.

"Hili linakohoa," akasema. "Limepasuka begani, ufa unashuka."

Kalizungusha lile gongo mikononi.

"Ni lilelile la asubuhi, siyo?"

"Ni lilelile, Baba."

Akaliweka sakafuni taratibu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema jicho la kulia mwaka wa nne huu, la kushoto likafuata. Akasema ni kama kutazama watu kupitia kioo cha bafuni: anajua kuna mtu, anajua ni mrefu au mfupi, mengine anakisia kwa sauti. Magongo anasikia. Mvua ikinyesha, hasikii, na asiposikia hana kitu.

Unyevu! Na mimi nikamwita mvivu. Nimekwenda jikoni nikalia, kisha nikarudi kumfokea, maana ndivyo nilivyoumbwa. Miaka minne unatembea nyumba hii kwa kukisia, na mimi nipo hapa, mtoto wako wa kuzaa, na huniambii?

"Ningekuambia, ungenipeleka hospitali," akasema.

"Ndiyo!"

"Basi, umeona."

31 Machi

Hataki kusikia. Baba mkubwa, kaka yake, aliingia chumba cha upasuaji wa macho akiona kidogo akatoka haoni kabisa. Baba ndiye aliyemshika mkono kumrudisha nyumbani. "Kiza changu hiki nakijua," anasema. "Najua mlango uko wapi, najua wewe uko wapi. Kile kingine sikijui."

Nikamwambia baba mkubwa alikwenda akiwa amechelewa. Kasema kila mtu huambiwa alichelewa.

1 Aprili

Nimekwenda peke yangu kwa daktari wa macho. Mama mmoja mpole, anaongea huku anafuta miwani yake. Kasema kwa ninavyoeleza, huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kila siku. Yaliyomkuta baba mkubwa huenda yalikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Lakini haahidi kitu mpaka amwone mgonjwa mwenyewe, na asikae mwaka mwingine.

Nikamuuliza, mtu asiyetaka kuja unamletaje? Akasema, "Hapo, dada yangu, dawa sina."

2 Aprili

Dawa ninayo. Nimemwambia Baba mbele ya Mwalimu Desimali, ili pawe na shahidi: mwaka huu nikishinda, unakwenda kwa daktari wa macho, na akisema upasuaji, ni upasuaji.

Mwalimu kavua kofia. Hakuwa anajua. Rafiki wa miaka yote hiyo, na naye kadanganywa.

Baba kafikiri. "Na nikishinda mimi, neno hospitali halitamkwi tena ndani ya nyumba hii. Maisha."

"Maisha?"

"Maisha."

Nikakubali. Nilikuwa na Lara.

4 Aprili

Nasoma kama mtu wa mtihani. Simu mkono mmoja, glavu mkono mwingine. Nimejidunga sindano mara mbili.

7 Aprili

Mvua, lakini sasa tunafanya kazi. Mimi naangalia, yeye anatengeneza. "Bega, kushoto, inchi moja," namwambia, na vidole vyake vinafika pale kabla sijamaliza. Hasemi asante, nami sisemi karibu. Ila mchana kanimenyea chungwa, akaondoa hata zile nyuzi nyeupe, kama nilipokuwa mdogo.

10 Aprili

Leo nimempiga bao! Baba kaleta Chennai, mwaka tisini na tisa, India na Pakistan: Tendulkar anaumwa mgongo hata kusimama taabu, anapiga mia na thelathini na sita, anakaribia kuushika ushindi kwa mkono. Nikamwacha amalize. Kisha nikauliza, taratibu kabisa:

"Na nani alishinda?"

Kainamia gongo, anapiga msasa.

"Sikusikia, Baba."

"Pakistan. Kwa mikimbio kumi na miwili."

"Mwaka huohuo, Bridgetown, West Indies na Australia. Lara kapiga mia na hamsini na tatu, hakutolewa, na timu yake ikashinda imebakiza wiketi moja, yaani mpigaji mmoja tu wa kutolewa. Mmoja karudi na maumivu, mwingine karudi na ushindi. Mwalimu, andika."

"Hakimu haandiki, hakimu anasikia," kasema Mwalimu, lakini nimemwona akitabasamu. Baba kala chakula cha mchana kaupa mgongo ukuta wangu wa cherehani. Thubutu yake!

11 Aprili

Bado kanuna. Kasema tatizo la Chennai si Tendulkar, ni waliobaki. "Yeye alipotoka ilibaki mikimbio kumi na saba. Walishindwa kumalizia kumi na saba! Nao walikuwa watu wazima!" Amekasirika kana kwamba ni jana, na kana kwamba ni wajomba zake.

14 Aprili

Mvua. Glavu sita. Nimemkuta Baba anapapasa meza akitafuta msasa uliokuwa mbele yake. Nimeusogeza ukagusa mkono wake, nikapiga mluzi.

17 Aprili

Jambo la ajabu: kadiri ninavyotafuta ubaya wa Tendulkar, ndivyo ninavyompenda. Mechi mia mbili za Testi. Watu bilioni wanakutazama kila ukishika gongo, na unatoka hapo bado una adabu. Usimwambie mtu, we daftari.

Mwalimu naye kaja kunitembelea, Baba akiwa kasinzia kwenye kigoda. Kasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu, ulete hoja nzito. Mimi siwezi kupendelea, ananijua. Nikidanganya atasikia."

"Atasikia vipi?"

"Huyu? Anasikia ufa ndani ya mbao."

21 Aprili

Mwalimu kasimulia tena Bradman alivyoingia mara ya mwisho pale London akihitaji mikimbio minne tu ili wastani wake ufike mia kamili, akatolewa bila hata mmoja. Kila mwaka anasimulia, kila mwaka sauti inakatika palepale. Baba kampigapiga begani. "Pole, ndugu yangu. Pole." Kama msiba wa familia.

24 Aprili

Hukumu. Gongo la daktari wa meno limekuwa la mwisho kutoka. Mwenyewe kalichukua, kalisifu, kaahidi mwaka huu mikimbio lazima. Mlango ukafungwa, tukakaa watatu kati ya ukuta mtupu na vumbi la mbao. Nje manyunyu.

Nimeanza mimi. Nimesema yote, na nimesema vizuri, najua. Ile mia nne ya Antigua, ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikisha katika Testi. Nikasema Tendulkar alikuwa na wenzake, Dravid huku, Laxman kule, na Lara mara nyingi alikuwa kama mtu anayeshikilia nyumba isianguke huku wengine wanatoa vyombo. Nikamaliza na Bridgetown, anabaki na mrushaji asiyejua kushika gongo, kila mpira unaweza kuwa wa mwisho, na haogopi. Mwalimu kavua miwani akaifuta. Nikajua nimeshika pazuri.

Baba hakuleta Chennai. Hakuleta mechi mia mbili wala zile mara hamsini na moja alizofikisha mikimbio mia. Kaleta Sydney tu, mwaka elfu mbili na nne.

"Safari ile yote Australia walikuwa wanamtoa kwa njia moja," akasema. "Wanamrushia mpira nje kidogo, upande wa kulia. Na yeye ana pigo lake la pale, la kusukuma mbele kupita upande ule, pigo zuri kuliko yote aliyonayo. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kuliona. Basi anapiga, ananaswa. Anapiga, ananaswa. Mwanadamu mwingine angesema bahati mbaya. Angesema mwamuzi. Angesema uwanja."

Mabati yalikuwa yanadondosha tone mojamoja.

"Sydney akaingia, na pigo lile akaliacha. Kwa jumla ya saa kumi na ushee yupo pale, siku tatu, mpira unapita nje, mzuri, mtamu, unamwita. Hagusi. Anaacha. Wanamrushia tena, anaacha. Mimi niliangalia pale klabu, macho yangu yakiwa macho, nikasimama nikapiga kelele, piga huo, mwanangu! Hakupiga. Mia mbili arobaini na moja, na hawakumtoa. Lara ni mkubwa, mama. Lara aliweza kumshinda mtu yeyote aliyerusha mpira. Lakini yule siku ile alijishinda mwenyewe, kwenye kitu alichokipenda. Hakuna nchi iliyonionyesha mwingine."

Nilijua nimeshindwa kabla hajafunga mdomo. Mimi mwenyewe ningempa. Nikamtazama Mwalimu Desimali kwa macho yote niliyonayo, nikimsihi, aseme uongo mara moja tu katika maisha yake. Akavaa miwani yake.

"Nafasi ya pili," akasema, "ni ya Tendulkar."

Kisha akachukua mwavuli wake akatoka bila kuaga. Potelea mbali na haki yake.

25 Aprili

Sikusema.

27 Aprili

Kamimina chai pembeni ya kikombe, ikamtiririkia mapajani. Nikafuta. Sikusema.

28 Aprili

Mwalimu kaja, nikamfungulia mlango nikarudi ndani bila salamu. Kakaa na Baba dakika chache, kaondoka. Aibu imenishika baadaye. Ameshika neno lake, nami nimeshika langu. Kwa nini la kwake ndilo nilichukie?

30 Aprili

Mvua. Baba kaniita jina la Mama nilipopita mlangoni na khanga kichwani. Kisha akajisahihisha haraka. Sikusema.

2 Mei

Nimempelekea Mwalimu chai nyumbani kwake. Hatukuzungumza kriketi. Kaniambia tangu siku ile halali vizuri. Nikamwambia nami pia. Tumekunywa chai yote.

4 Mei

Mvua ya mwisho mwisho, ile yenye hasira ya kuondoka. Msichana mmoja wa shule kaleta gongo aliloliokota stoo, anaomba litazamwe upesi. Nilikuwa jikoni. Niliporudi nimemkuta Baba kalishika, nyundo mkononi, mvua inanguruma juu, na hagongi. Kakaa tu. Msichana anamtazama, ananitazama.

"Njoo kesho, mama," Baba kamwambia. "Leo fundi hasikii."

Alipotoka, nikakaa kwenye cherehani. Baba akasema, "Umenyamaza sana."

"Tulikubaliana."

"Kelele unayopiga kwa huko kunyamaza, afadhali mvua."

Nikatunga uzi kwenye sindano.

"Siku ile nilikuwa nasimulia, nikajisikia," akasema. "Nikasema moyoni, mzee, wewe unamsifu mtu wa watu kwa kuacha kinachomtoa, na wewe mwenyewe mwaka wa nne unatolewa kwa mpira uleule. Nimejikaza siku kumi kulisahau hilo. Halisahauliki." Akaweka nyundo chini. "Naogopa. Nikuambie ukweli, naogopa mno. Nikifunga macho namwona kaka yangu nimemshika mkono."

Hapo kiapo chote kilitaka kunitoka. Nikauma mdomo.

"Mshindi anaweza kubadilisha anachodai?" akauliza.

"Muulize hakimu."

"Nimeshamuuliza. Amesema sheria haikatazi." Akageuza uso kunifuata nilipo, akapatia karibu kabisa. "Basi ile ya kutotamka nimeifuta. Ninachodai ni hiki: unipeleke wewe. Na nikiwa ndani, ukae mlangoni. Usiende kununua maji, usiende kupokea simu. Ukae."

"Nitakaa, Baba."

"Na usilie, maana nasikia."

Nilikuwa nimeshaanza.

6 Mei

Mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia limekomaa sana lakini daktari anasema anaweza kulitoa. Wataanza na hilo. Baba kamuuliza daktari anamjua Tendulkar. Kasema anamsikia tu. Baba kanikanyaga mguu: tuhame hospitali? Mwenye mkono mzuri wa kupasua, nikamwambia, si lazima ajue kriketi.

11 Mei

Jua. Nguo zimekauka kwa mara ya kwanza. Baba hali vizuri. Mwalimu kaja kumpa moyo akamwambia uwezekano wa kufaulu kwa asilimia, yenye desimali. Nimemtoa nje.

14 Mei

Leo ndiyo leo. Alipofika mlango wa chumba cha upasuaji kaniachia mkono, kisha akaushika tena, kisha akauachia. Nimekaa kwenye benchi la mlangoni. Mwalimu Desimali kakaa pembeni yangu na kofia mapajani. Kiu ilinishika, sikuinuka. Simu imelia, ni mteja, nikaizima. Mwalimu kajitolea kuleta maji nikamwambia kaa nawe, tukae wote. Kaanza kunihesabia mechi za Bradman moja moja, na kwa mara ya kwanza maishani nikamshukuru Mungu kwamba zilikuwa nyingi.

Baba katoka amefungwa bandeji, kajifanya hodari. "Upo?" akauliza.

"Nipo."

"Hukutoka?"

"Hata maji sijanywa."

"Kanywe sasa," akasema.

15 Mei

Daktari kamfungua bandeji asubuhi hii. Kamfuta kope taratibu kwa pamba, kamwambia afumbue asiogope. Baba kafumbua. Kapepesa macho, jicho linatoka machozi. Kaangalia dirisha, kaangalia koti jeupe la daktari, kisha kanigeukia mimi.

Kanitazama. Kanitazama nywele, paji la uso, pembeni ya macho, polepole, kama anavyolipitia gongo toka chini kupanda juu. Muda ukapita mpaka nikasema moyoni basi, limetokea, ni kama baba mkubwa.

"Baba, unaona?"

"Naona." Sauti ilikuwa ndogo. "Mvi hizi zimeanza lini?"

"Siku nyingi, Baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?"

Akanyoosha mkono, na safari hii haukupapasa, ulikuja moja kwa moja hadi kichwani kwangu.

"Ningekuambia zinakupendeza," akasema.